Tumepata ramani ya sumaku: je, tuongeze upimaji wa graviti?

*Swali: Sisi ni kikundi cha wachimbaji wadogo mkoani Geita, na tuna leseni ya eneo la hekta tisa hivi. Katika maduara yetu mawili (mashimo ya kuchimbia) tunakutana na mwamba mzito wenye mistari myeusi na myekundu, ambao sumaku inaunasa. Dhahabu tunaipata humo kwa kubahatisha: mita chache nzuri, kisha inakatika. Tulichanga, tukalipia upimaji wa sumaku, tukapewa ramani ya rangi. Ramani ina mkanda mwekundu unaokatiza eneo kutoka mashariki kwenda magharibi, na kusini yake kuna mkanda wa bluu iliyokolea. Katikati ya urefu wa mikanda hiyo kuna pengo la mita arobaini hivi ambako rangi zote mbili zinafifia. Sasa mpimaji anashauri tuongeze upimaji wa graviti. Mmoja wetu anasema tukubali, kwa sababu dhahabu ni nzito na kipimo cha uzito ndicho kitakachoiona. Mwingine anasema ni fedha ya kutupa, kwa kuwa vipimo vyote viwili vinaonyesha mawe yaleyale, na kwamba tuchimbe tu pale wekundu ulipokolea. Yupi yuko sahihi?*

Ndugu zangu, fedha mnayotaka kuitumia ni ya mchango wa watu wengi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Niseme mapema kwamba wenzenu wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa namna yake, na kwamba mpimaji wenu anaweza kuwa sahihi ikiwa kazi anayoipendekeza ni ndogo na ina swali mahususi la kujibu. Swali hilo liko kwenye lile pengo ambalo ramani yenu imelionyesha, si kwenye wekundu.

Tuanze na dhahabu na uzito wake. Ni kweli kwamba dhahabu ni nzito mno. Sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 19.3, ilhali graniti ya ujazo huohuo ina gramu 2.65 hivi. Lakini mwamba wenye gramu tano za dhahabu kwa tani, ambao mchimbaji yeyote angeufurahia, una sehemu tano tu za dhahabu katika kila sehemu milioni za mwamba. Kiasi hicho hakibadilishi densiti ya mwamba (uzito wake kwa gramu katika kila sentimita ya ujazo) kwa namna ambayo kifaa chochote cha shambani kinaweza kuihisi. Dhahabu pia haina usumaku wa kupimika. Kwa hiyo hakuna upimaji wa graviti wala wa sumaku unaoiona dhahabu yenyewe, na mtu akiwaambia kwamba kifaa chake kinaiona, msimlipe. Tunachokiona ni jirani wa dhahabu, yaani mwamba unaoibeba, mpasuko ulioipitisha, au madini mengine yaliyobadilika wakati dhahabu ilipokuwa ikitua.

Njia hii ya kumfuata jirani si ya kubahatisha. Mwaka 1930, huko Afrika Kusini, Rudolf Krahmann alianza kutumia kipimo cha sumaku magharibi mwa Johannesburg kufuatilia tabaka za shale (mwamba wa matope yaliyogandamana) zenye magnetiti, madini ya chuma yenye sumaku kali, zilizofunikwa na miamba mingine. Tabaka hizo hazikuwa na dhahabu ya kuchimbwa, lakini umbali kati yao na tabaka zenye dhahabu ulikwisha kujulikana kutokana na migodi iliyokuwapo, kwa hiyo aliyezifuata zile za sumaku alijua pa kulenga mashimo. Matokeo yake yalikuwa kufunguliwa kwa eneo jipya kubwa la migodi. Nyinyi nanyi mna jirani wa namna hiyo: mwamba wenu wenye mistari myeusi na myekundu ni mwamba wa mikanda ya chuma, ambao katika ukanda wa miamba ya kijani wa Geita (miamba ya kale sana, mingi ya asili ya volkano) umebeba sehemu kubwa ya dhahabu inayojulikana.

Sasa tuitazame hoja ya mwenzenu wa pili, kwamba vipimo hivi viwili vinaonyesha kitu kimoja. Upimaji wa graviti hupima mabadiliko madogo sana ya nguvu ya mvutano wa dunia, na mabadiliko hayo hutokana na densiti ya miamba iliyo chini. Karibu na ikweta mvutano wote ni takriban miligali 978,000 (miligali ni kizio cha kupimia mvutano), nasi hutafuta tofauti za sehemu ndogo tu ya miligali moja. Upimaji wa sumaku hupima uga wa sumaku wa dunia, ambao kwenu una nguvu ya karibu nanotesla 33,000 (nanotesla ni kizio cha nguvu ya sumaku), na hutafuta pale ambapo miamba imeuongeza, yaani wekundu wa ramani yenu, au kuupunguza, yaani bluu. Densiti ni tabia ya mwamba mzima, kwa kuwa kila chembe ina uzito wake. Usumaku hutokana na madini machache tu, hasa magnetiti, ambayo inaweza kuwa asilimia moja au mbili ya mwamba na bado ikatawala kipimo chote. Kwa hiyo miamba miwili inaweza kufanana kwa densiti na kutofautiana mara mia kwa usumaku, au kinyume chake.

Wakati mwingine mwamba mmoja huwa mzito na wenye sumaku kali kwa pamoja, kama ulivyo mwamba wenu wa chuma pale ambapo haujaguswa. Hapo kuna uhusiano wa kihesabu uliogunduliwa na mwanahisabati Mfaransa Poisson katika karne ya 19: ikiwa umbo lilelile ndilo chanzo cha densiti na cha usumaku, basi kutokana na kipimo kimoja unaweza kukokotoa jinsi kipimo cha pili kingetokea. Mchambuzi mzuri huibadilisha ramani ya sumaku kuwa ramani ya graviti ya kinadharia, kisha huilinganisha na graviti iliyopimwa kweli. Zikilingana, chanzo ni kimoja. Zisipolingana, kuna jambo chini ambalo kipimo kimoja pekee kisingelifichua, na kwa mtafuta madini mara nyingi huko kutolingana ndiko kwenye faida.

Mfano maarufu ni Olympic Dam, Australia Kusini. Mwaka 1975 kampuni ya Western Mining ililenga shimo lake la kwanza pale ambapo anomali (tofauti ya kipimo na mazingira yake) ya graviti na ya sumaku zilikutana, kwenye ardhi ambayo juu haikuonyesha dalili yoyote, kwa kuwa mwamba wenye madini ulikuwa chini ya takriban mita 350 za tabaka tupu. Shimo lilikuta shaba. Baadaye ilifahamika kwamba uzito ulitokana na hematiti nyingi iliyomo kwenye mwamba wenye shaba, ilhali sehemu kubwa ya anomali ya sumaku ilitoka kwenye chanzo kilicho chini zaidi. Hematiti na magnetiti zote ni za chuma na densiti zake zinakaribiana sana, lakini usumaku wa hematiti ni mdogo mno ukilinganishwa na wa magnetiti. Nawaomba pia mzingatie kwamba, hata kwa kampuni yenye uwezo mkubwa, mashimo kadhaa yaliyofuata hayakuridhisha, na ni shimo la kumi, mwaka 1976, lililothibitisha ukubwa wa hazina ile. Vipimo viwili hupunguza kubahatisha, haviuondoi.

Turudi kwenye ramani yenu, na hasa kwenye ushauri wa kuchimba palipokolea wekundu. Ushauri huo ungekuwa na nafuu katika nchi zilizo karibu na ncha za dunia, ambako uga wa sumaku unaelekea chini karibu wima, na wekundu hukaa juu ya mwamba wenyewe. Geita si huko. Kwenu uga umelala, ukielekea kaskazini na kupanda juu kwa pembe ya digrii 25 hadi 30 hivi, na kwa hiyo umbo la anomali hubadilika kabisa. Mwamba wa sumaku uliosimama wima na kulala mashariki hadi magharibi, ikiwa usumaku wake umeelekea upande ule ule wa uga wa leo, hutoa bluu kali karibu na juu yake, ikisogea kidogo kusini, na wekundu hafifu zaidi uliosukumwa kaskazini. Kadiri mwamba ulivyo chini zaidi, ndivyo wekundu unavyokaa mbali nao. Ramani yenu yenye mkanda mwekundu kaskazini na bluu iliyokolea kusini inalingana na picha hiyo. Mkichimba kwenye wekundu, mnaweza kuukosa mwamba kwa makumi ya mita, na huku mkiamini kwamba kipimo kimewadanganya.

Nasema inalingana, sisemi imethibitika, kwa sababu miamba ya chuma ina tabia ya kuhifadhi usumaku wa zamani ulioelekea upande tofauti na uga wa leo, na pia kwa sababu mkanda ukiinama badala ya kusimama wima, rangi husogea tena. Graviti haina tatizo hili. Mvutano huelekea chini, popote ulipo duniani, na kilele cha anomali ya mwamba mzito hukaa juu ya mwamba huo, isipokuwa husogea kidogo kuufuata mwinamo wake. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kuviunganisha vipimo hivi kwenu: sumaku huonyesha kingo na mikatiko kwa ukali zaidi, kwa kuwa ishara yake hufifia haraka kwa umbali, na graviti husema wingi wa mwamba umekaa wapi.

Faida ya pili ni kuhusu kina, na hapa nitahadharishe. Kwa kipimo kimoja, mwamba mwembamba uliotandazwa karibu na uso wa ardhi unaweza kutoa anomali ileile ya mwamba mnene ulio chini zaidi, kama vile mtu aliye ndani usiku asivyoweza kujua kwa sauti pekee kama ngoma anayoisikia ni ndogo na iko karibu au ni kubwa na iko mbali. Kosa hili halirekebishwi kwa kununua kifaa cha bei kubwa, kwa kuwa liko katika asili ya vipimo vyenyewe. Kwa kuwa graviti na sumaku hufifia kwa viwango tofauti, umbo la mwamba linalotosheleza vipimo vyote kwa pamoja hupatikana katika uwanja mdogo zaidi wa majibu, lakini bado huwa ni majibu kadhaa. Mtaalamu akiwaletea mchoro mmoja wa chini ya ardhi na kusema ndio ukweli, mwulizeni ni michoro mingapi mingine ingelingana na vipimo vilevile.

Sasa lile pengo, ambalo kwangu ndilo kiini cha swali lenu. Maji ya moto yaliyoileta dhahabu zamani za kale yaliibeba ikiwa imeungana na salfa. Maji hayo yalipopenya kwenye mwamba wa chuma kupitia mpasuko, salfa iliiacha dhahabu na kushikana na chuma cha magnetiti, ikatokea pairiti, ile njano inayong'aa ambayo mnaifahamu, na dhahabu ikabaki bila wa kuibeba, ikatua hapohapo. Matokeo yake ni kwamba mahali palipopata dhahabu nzuri mara nyingi ni mahali palipopoteza magnetiti yake. Usumaku unafifia. Uzito haufifii kwa kiasi hicho, kwa sababu densiti ya magnetiti ni takriban 5.2 na ya pairiti takriban 5.0.

Kwa hiyo pengo lenu lina maelezo zaidi ya moja. Huenda mkanda umekatwa na mpasuko na kusogezwa, au umekwisha tu, au umepitiwa na mwamba mwingine mwepesi kama graniti. Katika hali hizo usumaku na uzito vyote hushuka. Au huenda mkanda unaendelea bila kukatika, ila magnetiti yake imeharibiwa. Hapo usumaku hushuka na uzito hubaki. Ramani ya sumaku peke yake haiwezi kutenganisha hali hizi, na graviti inaweza. Hata hivyo graviti haitawaambia kama kilichoiharibu magnetiti ni salfa iliyokuja na dhahabu au ni mvua na hewa za miaka mingi zilizoigeuza kuwa hematiti bila kuacha chochote. Hilo litajulikana kwa kuchimba mtaro na kupeleka sampuli maabara. Tena kuna aina ya madini ya salfa na chuma, pairotiti, ambayo baadhi yake ina sumaku yenyewe, kwa hiyo msidhani kwamba kila penye dhahabu lazima pawe na pengo.

Je, kifaa cha graviti kinaweza kuiona tofauti hiyo? Nimepiga hesabu kwa makadirio ya mkanda wima wenye unene wa mita 30, unaoanzia mita 20 chini na kuendelea mita 200 zaidi, ukiwa mzito kuliko majirani zake kwa nusu gramu kwa kila sentimita ya ujazo. Mkanda huo hutoa karibu nusu ya miligali juu yake. Ukikatika kwa urefu wa mita 40 tu, ishara katikati ya pengo haiendi sifuri, kwa kuwa vipande vya pande zote mbili bado vinavuta. Hushuka kwa karibu theluthi moja, yaani miligali 0.15 hivi. Vifaa vya kisasa vya graviti vikitumiwa kwa uangalifu hupima hilo bila shida. Mkanda wenu ukiwa mwembamba zaidi, tuseme mita tano, ishara hiyo inagawanyika kwa sita, na hapo mnakaribia mpaka wa kinachowezekana.

Kama badala ya mwamba wa chuma mngekuwa na mshipa wa kwatzi, yale mawe meupe, wenye upana wa mita moja, ningewaambia mara moja msilipie graviti. Kwa kina na urefu uleule, mshipa huo ungetoa takriban miligali 0.005 tu, na kosa la sentimita tatu katika kupima kimo cha kituo lingeimeza ishara nzima. Wachimbaji wenye leseni za mishipa ya namna hiyo wasiufuate ushauri ninaowapa nyinyi.

Hilo la kimo ndilo linalofanya graviti iwe kazi ya taratibu. Mpimaji wa sumaku hutembea na kifaa kinachosoma mfululizo. Mpimaji wa graviti husimama kila kituo, husawazisha kifaa, husubiri kitulie, kisha kimo cha kituo hupimwa kwa usahihi wa sentimita chache, na baada ya saa chache hurudi kwenye kituo cha msingi ili kuona kifaa kimeteleza kiasi gani, yaani usomaji wake umebadilika wenyewe kiasi gani. Maduara yenu, mashimo ya zamani na vilima vya vifusi navyo vina mvutano wake, kwa hiyo ama vituo vikae mbali navyo ama vipimwe na kuondolewa kwa hesabu. Na kwa upande wa sumaku, karasha (mashine ya kusagia mawe), mabati, mabomba ya chuma na pikipiki vyote huacha alama. Hakikisheni kwamba lile pengo si kivuli cha kitu kama hicho. Wekundu wa madoadoa madogo unaweza pia kutokana na changarawe za chuma zilizomo kwenye udongo mwekundu wa juu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kabla ya kulipa chochote, chukueni vipande kumi au zaidi vya kila aina ya mwamba kutoka kwenye vifusi mlivyokwisha kuvitoa: mwamba wa chuma usioguswa, mwamba wa chuma wenye pairiti, na miamba ya pembeni. Pimeni uzito wa kila kipande kikiwa hewani, kisha kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji. Uzito wa hewani ukigawanywa kwa tofauti ya hizo mbili hutoa densiti. Usumaku wa vipande hivyo mpimaji ataupima kwa kifaa kidogo cha mkononi. Ikiwa mwamba wenu wa chuma hauzidi majirani zake kwa densiti, basi swali la graviti limefungwa, nanyi mmeokoa fedha. Msishuke kwenye maduara yaliyoachwa au yasiyo na magogo ya kuyashikilia kwa ajili ya sampuli hizi, vifusi vinatosha.

Tofauti ikionekana, msilipie gridi ya eneo zima. Ombeni mistari mitatu ya kaskazini hadi kusini, mmoja ukipita katikati ya pengo na miwili pande zake, pamoja na mstari mmoja unaoufuata mkanda kwa urefu, vituo vikiwa kila mita kumi karibu na mkanda na kila mita ishirini mbali nao. Hekta tisa ni kama mita 300 kwa 300, na hilo ni dirisha dogo kwa kutenganisha mwamba wenu na mabadiliko mapana yanayotoka chini zaidi, kwa hiyo inafaa mistari ivuke mipaka kwa mita mia moja hivi kila upande. Zungumzeni na majirani wenye leseni. Huenda wakachangia gharama, kwa kuwa mkanda huo ni wao pia. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, ina takwimu za sumaku zilizopimwa kwa ndege, nazo zitawaonyesha mkanda wenu umeungana na nini nje ya mipaka.

Kabla ya mpimaji kuanza kazi, ketini naye mkiwa na mjiolojia aliyesajiliwa ambaye hana maslahi katika kazi hiyo, na kama hamna, Afisa Madini Mkazi wa eneo lenu anaweza kuwaelekeza. Mwombeni mpimaji takwimu ghafi za upimaji wa sumaku mliokwisha kuulipia, si picha ya rangi pekee. Mwulizeni kama kulikuwa na kifaa cha pili kilichokaa mahali pamoja siku nzima ili kurekodi mabadiliko ya uga wa dunia, ambayo kwa siku ya kawaida hufikia makumi ya nanotesla. Na mwulizeni anomali zimesahihishwaje kwa ajili ya uga uliolala. Akiwa na majibu, mwacheni aendelee. Asipokuwa nayo, fedha ya graviti ielekezeni kwanza kwenye kuurudia upimaji wa sumaku kwa usahihi, au kwenye mtaro mmoja unaovuka pengo, unaoanzia upande wa wekundu na kuishia ng'ambo ya bluu, na sampuli zichukuliwe kila mita.